Vipimo Visivyoweza Kurudiwa

Chuo kikuu kinapobadili mitambo ya kutunzia kumbukumbu, hapana budi iamuliwe kipi kihamishwe na kipi kiachwe. Mara nyingi huachwa faili ambazo hazijafunguliwa kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, kigezo hicho hakifai, na ushahidi umo katika Ghuba ya Mwanza, ilalayo baina ya jiji la Mwanza na Wilaya ya Sengerema.

Kati ya 1969 na 1971, watafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki, wenye makao Jinja, walikokota nyavu sehemu nyingi za Ziwa Victoria. Waligundua kuwa furu walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa ghuba hiyo. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo kadhaa kabla, alienea mno, na aina nyingi za furu zikatoweka kabla hazijapewa majina ya kitaalamu.

Leo hakuna mwalimu awezaye kuwapeleka wanafunzi wake Busisi wakapime ziwa la mwaka 1970. Ziwa hilo limebaki katika madaftari na majedwali tu. Aidha, idadi ya samaki bila tarehe, mahali, kina na ukubwa wa matundu ya wavu haina maana.

Basi kanuni yafaa iwe hii: kinachoweza kupimwa au kukokotolewa upya, kama nakala, jumla na wastani, chaweza kuachwa; kipimo asilia cha jambo lililokwisha kupita kihifadhiwe, pamoja na maelezo yake, katika maandishi yasomekayo bila programu maalumu.

Wako wasemao kwamba kutunza kila kitu ni gharama. Ni kweli, tena taarifa za watu ni jambo jingine, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu zitunzwe kupita haja. Ndiyo maana uamuzi usiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Fundi ajua ukubwa wa faili. Mtafiti ndiye ajuaye kama kilichomo chaweza kupatikana tena.

Shule yenye daftari la zamani la vipimo vya mvua nayo ilitazame kwa jicho hilohilo.