Usaili wa Uzamifu Mtandaoni na Kasumba ya Pengo

Tangu mwaka wa 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga viwanja vya ndege na kumbi za mihadhara, usaili wa wanaoomba kusomea shahada ya uzamifu ng'ambo umehamia kwa kiasi kikubwa kwenye kioo cha kompyuta, nao hauelekei kurudi ulikotoka. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aliyeko Eldoret au Maseno huweza kukabiliana na jopo lililoko London, Bayreuth au Leipzig pasi na kununua tikiti wala kuomba viza. Hilo ni jambo la heri, na hakuna sababu ya kulibeza. Linalostahili kubezwa ni namna mwanafunzi huyo anavyoandaliwa kabla ya kuketi mbele ya kioo hicho, maandalizi ambayo aghalabu hufanywa na walimu wake mwenyewe, kwa nia njema, na kwa madhara makubwa.

Maandalizi hayo yamekuwa jando lenye makungwi wake na nyimbo zake. Mtahiniwa huambiwa avae koti, aketi penye mwanga, aelekeze macho kwenye kamera wala asiyashushe kwenye karatasi. Kisha hufundishwa kauli. Utafiti wake unaziba pengo. Bhabha au Spivak hajawahi kutumiwa kuihakiki riwaya fulani, na yeye ndiye atakayemtumia. Hayo hukaririshwa kwa Kiingereza hadi yakateleza ulimini. Zao la jando hilo ni mtahiniwa anayeweza kuzungumza dakika tano kuhusu nadharia aliyoisoma juzi, lakini akashindwa kuzungumza dakika moja kuhusu shairi alilolisoma miaka kumi.

Haidaiwi hapa kwamba mambo ya mitambo hayana maana. Umeme hukatika bila hodi, na mtahiniwa asiyeweka simu yenye bando kando yake anacheza kamari na ufadhili wa miaka mitatu au minne. Saa nazo zina mtego wake. Jopo la Ujerumani likiandika 14:00, mtahiniwa wa Nairobi anatakiwa awe tayari saa kumi alasiri wakati wa baridi kule na saa tisa wakati wa kiangazi, kwa kuwa Wajerumani husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Anayesahau hili huingia ukumbini wenyeji wamekwisha kutoka. Lakini mambo kama haya hujifunzwa kwa siku moja. Tatizo ni kwamba yamefanywa kuwa nusu ya maandalizi, na nusu ya pili imeachiwa pengo.

Pengo lenyewe ni nini? Kusema kwamba nadharia fulani haijatumiwa kuhakiki matini fulani si kuibua swali la utafiti. Ni kufanya hesabu. Nadharia ziko makumi, riwaya na diwani ziko mamia, na mwenye kuzidisha makumi kwa mamia atapata mapengo ya kuwatosha watahiniwa wote wa Afrika Mashariki hadi wajukuu wao. Msaili mwenye akili huuliza swali moja tu: kazi hii ina utata gani ambao haufumbuki mpaka nadharia hii ije? Hapo ndipo picha huonekana kana kwamba imeganda, mtahiniwa akalaumu mtandao, kumbe mtandao ni mzima.

Chukua mfano wa mtahiniwa anayependekeza kutafiti mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Jando la sasa litamfundisha kumweka Muyaka chini ya nadharia ya baada-ukoloni, ingawa mshairi huyo aliaga dunia mwaka wa 1840, takriban nusu karne kabla ya utawala wa kikoloni wa Waingereza kuota mizizi Mombasa. Hakuna atakayemuuliza: mashairi hayo umeyasoma wapi? Swali hilo ndilo lenye utajiri. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa baada ya kifo chake, na Mwalimu Sikujua akayaandika kwa hati za Kiarabu, W. E. Taylor, mmisionari, akayapata kupitia kwake, karatasi za Taylor zikaishia SOAS, London, W. Hichens akayachapisha Johannesburg mwaka wa 1940. Mohamed Abdulaziz akayarejelea kwa jicho la mwanaisimu katika kitabu chake cha 1979. Katika kila kituo cha safari hiyo kuna mkono uliochagua, uliosoma herufi kwa namna moja badala ya nyingine, uliotia maelezo. Mtahiniwa anayeijua safari hii ana sababu halisi ya kwenda London: hati ziko huko. Ana swali, na swali lake haliazimwi kwa mtu. Isitoshe, akiulizwa kwa nini asifanyie utafiti wake nyumbani, ambalo ni swali lisilokosekana, hatahitaji kulisifu jiji asilolijua.

Nyuma ya kasumba ya pengo kuna kasumba nyingine iliyo kongwe zaidi, nayo ni imani kwamba jopo la ng'ambo halikijui Kiswahili, na kwa hiyo fasihi yake sharti ifasiriwe, ipunguzwe na iombewe radhi. Historia inakana jambo hili. Kiswahili kilianza kufundishwa katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka wa 1887. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wa waliokifundisha humo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa pwani ya Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha *Desturi za Wasuaheli* iliyotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth lilianza 1987, na ndani yake makala husomwa kwa Kiswahili pasipo mtu kushangaa. Basi msaili anapokiacha Kiingereza ghafla na kuuliza kwa Kiswahili fasaha, anayebabaika huwa ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo. Alikariri istilahi zote kwa Kiingereza; hajui kwamba mwingilianomatini ni neno, sembuse kulitumia katika sentensi. Aibu hiyo si yake peke yake.

Watetezi wa jando hili wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kuchagua ngoma, na mtahiniwa maskini hana budi kuicheza. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mchezo huo ungeshinda, lakini majopo husikiliza kauli ya pengo kutoka mabara yote, na msailiwa anayesema kilichosemwa na wenzake kumi na wanane hana cha kumtofautisha nao. Zaidi ya hayo, anayeshinda kwa pendekezo asilolipenda atalala nalo miaka minne. Ya pili ni kwamba kuipinga nadharia ya kigeni ni kujifungia chumbani. Hakuna anayeipinga. Euphrase Kezilahabi alipowasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka wa 1985, hakuikimbia falsafa ya Ulaya; alibishana nayo juu ya namna fasihi ya Kiafrika inavyofasiriwa. Lakini aliyekwenda kule alikuwa mwandishi wa *Rosa Mistika* na *Kichomi*, mtu aliyekwisha kuzua mjadala wa mashairi huru nyumbani na kuulipia kwa shutuma za wanamapokeo. Alikuwa na jambo la kuiuliza nadharia.

Itakuwa uonevu, hata hivyo, kuwatwika makungwi mzigo wote. Mtahiniwa huyu amejifunza hofu yake karibu. Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya taifa kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na tasnifu za uzamifu huandikwa kwa Kiswahili katika vyuo kadhaa. Ilhali zipo idara za Kiswahili nchini zinazomsaili mwombaji wa uzamifu kwa Kiingereza, wasaili wote wakiwa walimu wa Kiswahili, kila mmoja nyumbani kwake mbele ya kompyuta, na kumbukumbu za kikao zikiandikwa kwa Kiingereza ili zisomwe na bodi ya uzamili na uzamifu. Sababu inayotolewa ni kwamba fomu imechapishwa kwa lugha hiyo. Fomu inaweza kufasiriwa kwa alasiri moja. Na mazoezi ya usaili yanaweza kuanza, kuanzia muhula ujao, kwa mwalimu kuweka ubeti mmoja wa Muyaka kwenye kioo, katika matoleo mawili yanayotofautiana, na kumtaka mtahiniwa aseme, kwa Kiswahili, ni lipi analoliamini na kwa nini.