Kinoo cha almasi
Katika bucha moja hapa Idodi, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, wiki hii nimekuta kinoo cha almasi: kibati chembamba cha bei chee, kimebandikwa kwenye ubao. Almasi yenyewe si ya mgodi wa Mwadui. Ni chembe za kiwandani zilizoshikizwa kwa nikeli. Muuza nyama akakidondoshea maji, akapitisha kisu taratibu, upande huu kisha ule, mpaka kikanyoa malaika ya mkononi. Kijana wake alipopokea kisu, akakandamiza kama anasugua sufuria yenye ukoko. Hapo chembe hung'oka, unabaki na bati. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ila mkono mzito hula kinoo kwanza. Vingi tunavyoviita feki tumeviua wenyewe. Mkono wa kusugua tupa tuwaachie wenye majembe.