KAZI TWAIFANYA, KUJUANA NDIKO KUNAKOKULA

Ndugu zetu wa Manika na Dilala, wa Musonoi, wa Luilu na Kapata,

Kila mara twaletewa hotuba ile ile. Mkubwa hushuka katika gari lenye vioo vyeusi, husimama mbele ya vijana na kusema: "Fanyeni kazi! Atakaye mali na atoe jasho. Umaskini wenu ni uvivu wenu." Akimaliza hupigiwa makofi, kisha hurudi garini mwake. Leo twataka kumjibu.

Twauliza: je, Kolwezi pana upungufu wa jasho?

Mkubwa huyo na aje siku moja alfajiri bila walinzi wake. Atamwona kijana akishuka shimoni kwa kamba, miguu mitupu, tochi kichwani, nyundo na tindo mkononi. Atawaona mama zetu wakiosha mawe ndani ya maji mpaka miguu inakufa ganzi. Atamwona mfanya kazi wa kompani akipanda basi kungali giza na kurudi kumekwisha kuwa giza, watoto wake wasimwone ila siku ya Jumapili. Atamwona mama mwuza bukari aliyewasha moto kabla ya jogoo kuwika. Kama jasho peke yake lingekuwa mtaji, Kolwezi ingekuwa mji wa matajiri watupu.

Basi mali hupotelea wapi? Fuateni gunia la mawe mlijue. Mchimbaji amelitoa chini ya ardhi kwa nguvu zake. Analifikisha kwa mnunuzi, huko Musompo. Mizani ni ya mnunuzi. Mashine ya kupimia ubora wa mawe, ile tuitayo Metorex, ni ya mnunuzi. Bei imeandikwa na mnunuzi. Mchimbaji asimama hapo kama mshitakiwa ambaye hakimu wake na shahidi wake ni mtu mmoja. Huyo aambiwe nini tena juu ya bidii?

Kumbukeni Kasulo. Mwaka 2014 watu walichimba katika viwanja vyao wenyewe wakakuta kobalti chini ya nyumba zao. Wakachimba, wakazikana, wakachimba tena. Mwaka 2017 haki ya kununua mawe ya sehemu iliyozungushiwa ukuta ikawa ya kompani moja ya Kichina, na wenye nyumba wakahamishwa. Jasho lilikuwa la Kasulo. Karatasi ilikuwa ya wengine. Na mwezi wa Juni 2019, ndugu zetu 43 walifukiwa na udongo katika eneo la KCC. Hao nao walikufa kwa uvivu?

Wazee wetu waliofanya kazi Gécamines, nani atawafundisha bidii? Wakati kompani hiyo ilipotoa tani zaidi ya 470,000 za shaba katika mwaka mmoja, katika miaka ya 1980, mikono iliyozitoa ilikuwa yao. Kompani ikaliwa na wakubwa mpaka ikabaki mifupa. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanya kazi 10,000 wakaondoshwa kwa fedha ya Benki ya Dunia, wengi wao wakiwa wamekaa miezi mingi pasipo mshahara. Waliitwa "waliojitolea kuondoka." Mtu mwenye njaa hajitolei, ndugu zangu. Husukumwa.

Jambo hili si la jana. Tangu mwaka 1906, Union Minière ilipoanzishwa, Mwafrika alichimba chini ya kapita na kula poso, na faida ikapanda meli kwenda Ubelgiji. Hata alipojitahidi akasoma, bidii yake haikutosha. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta kadi ya ustahili, na mwaka 1952 kuandikishwa kuwa "aliyeendelea," na wakaguzi wakaja nyumbani kwa mtu kuangalia jinsi anavyoishi na mkewe na watoto wake. Yaani bidii ya mtu mweusi haikuwa bidii mpaka mzungu aipige muhuri. Tulidhani tarehe 30 Juni 1960 muhuri huo ulivunjika. Haukuvunjika, ulibadilisha mkono.

Wako wanaosikia haya na kusema: "Basi shauri ni moja: na sisi tutafute mjomba wetu mkubwa." Hao nao twawapinga, na ushahidi tunao.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakuwa mali ya wana wa nchi. Neno lilikuwa tamu, na watu walifurahi. Lakini nani alipewa? Je, mfanya duka mdogo aliyeuza chumvi na sabuni miaka 20 na kujua kila franga inakotoka? La! Walipewa watu wa Chama, wakubwa, na jamaa za wakubwa. Wakaitwa acquéreurs. Wengi wao waliuza mali yote iliyokuwa juu ya rafu, wakala fedha, wala hawakuagiza mali nyingine. Rafu zikabaki tupu. Wafanya kazi wa maduka wakarudishwa nyumbani. Mwaka 1976 serikali ile ile ikawa inawaita wenye mali wa zamani warudi.

Somo ni hili: kujuana kwaweza kumpa mtu duka, lakini hakumfundishi kuliendesha. Na apewaye kwa kujuana amemnyima ajuaye kazi. Nchi nzima hulipa.

Je, tulijifunza? Mwaka 2013 tume iliyoongozwa na Kofi Annan ilitazama mauzo matano ya mali za madini yetu, ya kati ya mwaka 2010 na 2012. Ikasema nchi ilipoteza dola zaidi ya milioni 1,360, kwa sababu mali iliuzwa kwa bei ya chini. Na fedha hiyo ilikaribia mara mbili ya bajeti ya afya na ya shule ya mwaka mmoja, zikijumlishwa pamoja. Mwezi wa Desemba 2017 serikali ya Marekani ilimwekea vikwazo mfanya biashara Dan Gertler, ikisema alitumia urafiki wake na Rais Joseph Kabila kuwa mtu wa kati katika mauzo ya madini. Mwenyewe amekana kosa. Lakini mwaka 2022 kompani ya Glencore, iliyokuwa ikiendesha KCC na Mutanda hapa hapa kwetu, ilikiri katika mahakama ya Marekani kutoa rushwa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwa mojawapo. Na Desemba mwaka huo ikakubali kuilipa Kongo dola milioni 180. Haya, mkubwa wa hotuba, tuambie: nyundo ya nani huko Musonoi ingeweza kushindana na urafiki wa namna hiyo?

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Kwetu mmoja huchuma juani, na mwingine hulia kivulini.

Sasa tunayo sheria. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 yasema kazi ndogo ambazo kompani kubwa huwapa wengine, kama kubeba mizigo, kupika chakula, kulinda na kutengeneza mitambo, zipewe kompani za Wakongo. Sheria ni nzuri. Lakini jihadharini na mambo ya 1973! Jina la Mkongo laweza kubandikwa mlangoni huku mali iliyo ndani ni ya mgeni. Tena yaweza kuwa mali ya Mkongo kweli, lakini Mkongo yule yule aliye mpwa wa mkubwa. Fundi wa kuunga vyuma wa Manika, ambaye kazi yake haivunjiki, hupeleka barua yake na haijibiwi, kwa kuwa hana matabishi wala mjomba.

Kwa hiyo twadai mambo manne, na kila mmoja wetu ayadai mahali alipo:

1. Kila kazi inayotolewa na kompani itangazwe ubaoni, hapa Kolwezi, kwa lugha tunayoisoma. Na aliyeipata atajwe jina, pamoja na bei yake.

2. Wenye mali wa kila kompani inayopewa kazi wajulikane kwa majina yao ya kweli.

3. Kila mahali yanapouzwa mawe pawe na mizani na mashine ya kupimia isiyo ya mnunuzi, na mchimbaji aonyeshwe hesabu kabla ya kupokea fedha.

4. Viongozi wa vyama vya wachimbaji wachaguliwe na wachimbaji wenyewe, wala wasitoke katika nyumba za wakubwa.

Hatusemi watu wasijuane. Biashara haiendi bila kuaminiana, na mama mwuza bukari hupata wateja kwa sababu chakula chake chajulikana. Lakini kujulikana si kujuana. Kujulikana huja baada ya kazi. Kujuana hukaa mahali pa kazi na kuifukuza. Twataka Kolwezi ambayo mtu hujulikana kwa kazi yake.

Na wewe usiye na mjomba, mjomba wako ni mwenzako wa shimoni, wa kiwandani na wa sokoni. Mmoja akipeleka barua, hutupwa. Mia wakisimama mbele ya ubao na kuuliza kwa nini ni mtupu, mkubwa atashuka garini tena, na safari hiyo hatakuja kuhutubu. Atakuja kujibu.

Uhuru wa jina tunao. Tuudai na uhuru wa mizani!