Majani Yetu na Kuvu Zisizojulikana

Katika mwaka 1999 jarida la Science la Marekani lilitoa khabari ambayo ilistahiki kusomwa Afrika kabla ya kusomwa kwingineko: wataalamu wa kampuni ya dawa ya Merck, wakichunguza maelfu ya dutu, walipata katika kuvu iliyotolewa ndani ya majani ya mmea wa karibu na Kinshasa dutu ndogo ambayo panya wenye kisukari walipolishwa, sukari ya damu yao ilishuka. Insulini hailiwi, maana ni protini na tumbo huisaga pamoja na chakula, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hawana budi kudungwa sindano. Walakini dutu hii ilipita tumboni salama ikafanya kazi ile ile. Haikufika kuwa dawa ya kuuzwa, kwani nyingi za namna hii huishia njiani. Lililonisikitisha mimi ni jambo jingine: mmea wenyewe uliandikwa kuwa haukutambulikana.

Kuvu za namna hii hukaa baina ya seli hai za jani, shina na mzizi pasi na kuugonjesha mti, na aghalabu, mithili ya mpangaji mwema, hulipa kodi ya makazi kwa kutengeneza sumu za kuwafukuza wadudu na kuua vijidudu vya maradhi; na sumu hizo, zikipimwa kwa kadiri, ndizo zinazotarajiwa kuwa dawa za binadamu.

Si kila tarajio hutimia. Mwaka 1993 Andrea na Donald Stierle pamoja na Gary Strobel walitangaza kwamba kuvu waliyoitoa katika mti wa Taxus huko Montana yajitengenezea taksoli, dawa ya saratani ambayo zamani haikupatikana ila kwa kuchuna magome ya mti huo hata ukafa. Mwaka 2013 wachunguzi wengine wakazitafuta jeni za kazi hiyo ndani ya kuvu ile ile wasizione. Mabishano hayo nayapenda, kwa kuwa ndiyo yanayoisafisha ilimu. Nasikitika tu kwamba sisi tunayasikia kwa mbali, ilhali misitu ya Usambara, Udzungwa na Kakamega imejaa miti isiyopata kufunguliwa hata jani moja.

Na kazi ya mwanzo haihitaji mali nyingi: jani huoshwa kwa spiriti ili vya nje vife, hukatwa vipande, huwekwa katika kisahani cha agari, na baada ya siku kadhaa kuvu za ndani hujitokeza zenyewe. Lililo gumu, tena la lazima, ni kuujua mti. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi haki ya kugawana faida ya viumbe vyao. Lakini ikiwa katika daftari la mtafiti mti hauna jina, wala kielelezo chake kilichokaushwa hakikuhifadhiwa popote, mwenye msitu atadai kwa hoja gani? Kwa hiyo nawaomba wanaopanga bajeti za vyuo vyetu vikuu wasizione nyumba za kuhifadhia mimea iliyokaushwa kuwa ni stoo za majani makuukuu, bali waziajirie wajuzi wa kutambua miti, wawaalike na waganga wa vijijini kwa heshima wanayostahiki, na karibu ya kila nyumba hiyo wajenge maabara ya kuoteshea kuvu.