Eti bibi atakuwa teja!

Nimepotea kidogo, wodi zimenibana. Leo sina stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa raundi wodi ya saratani, hospitali siitaji. Bibi mmoja, saratani ya mlango wa kizazi imeshafika kwenye mifupa. Wagonjwa wenzake walituambia analia usiku kucha. Mwenzetu akauliza mbona hapewi mofini. Dokta, bingwa kabisa, akajibu: "Tusimzoeshe, atakuwa teja." Ikaandikwa Panadol, tukasogea kitanda cha pili.

Jamani, teja! Bibi wa miaka 70 asiyeweza hata kugeuka kitandani!

Mimi naona shida sio roho mbaya, ni woga na kutokujua. Ngazi ya WHO ya dawa za maumivu ya saratani ipo tangu 1986: Panadol chini, kodini katikati, mofini kwa maumivu makali. Mofini ya maji mgonjwa anakunywa kila baada ya saa 4, sio kusubiri mpaka apige kelele. Unaanza na dozi ndogo, unapandisha taratibu huku unamwangalia. Ukifuata hivyo, ile hofu ya mgonjwa kushindwa kupumua hutokea kwa nadra sana. Kinachosumbua wengi ni kufunga choo, ndio maana dawa ya kulainisha inaandikwa siku hiyo hiyo. Na mwili kuizoea dawa sio uteja, ni vitu viwili tofauti.

Majirani zetu Uganda, tangu 2004, sheria inawaruhusu hata manesi na matabibu waliosomea kazi hiyo waandike mofini. Kama nesi anaweza, bingwa anashindwaje?

Ila tusimcheke dokta peke yake. Sisi tunakariri hatua za saratani kama kasuku, lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza mgonjwa, "Maumivu yako ni ngapi, kati ya sifuri na kumi?" Mtihani hauulizi, basi na sisi hatuulizi. Mimi mwenyewe siku ile nilinyamaza, naogopa maksi zangu.

Jumatatu niliporudi, kitanda kilikuwa na mtu mwingine.

Mnaosoma udaktari na unesi, mnasemaje? Tupeni maoni. Mimi raundi ijayo nauliza, liwalo na liwe.