Mbele ya kutupa karte SIM



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano, mama mmoja wa likelemba yetu alinifuata nje, simu mkononi. Alikuwa ametuma mchango wake, franka 40.000, kwa namba ya mama mtunza feza, kama alivyofanya mwaka mzima. Ujumbe ulirudi vizuri: feza zimefika. Lakini jina lililoandikwa katika ujumbe halikuwa la mama mtunza feza. Lilikuwa jina la mwanaume ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua.

Tukapiga simu. Akajibu kijana, yuko Likasi. Alituambia kwa heshima: "Mama, mimi namba hii niliinunua sokoni pamoja na karte yake. Nimefanya kosa gani?" Na kweli hakufanya kosa. Alikuwa amekwisha kutoa franka 15.000, akafikiri ni mjomba wake amemkumbuka. Zile 25.000 alizirudisha usiku uleule. Zingine ameahidi, nasi tunangoja.

Mama mtunza feza alipoulizwa, alishika kichwa. Mwaka jana alibadilisha mtandao, sababu kule anakokaa ule wa zamani haukuwa unashika. Karte ya zamani aliiondoa, akaitia katika kopo la vifungo na sindano, akanunua ingine. Alituambia siku ya mkutano, lakini siku ile nusu ya wamama hawakuwapo. Namba ikalala miezi mingi bila kutumika, kompani ikaichukua tena na kuiuza kwa mtu mwingine. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwa mitandao yote. Namba haizikwi, inapewa mwenye nyumba mpya.

Nilipoeleza habari hii, mama mmoja alisema: "Lakini Mwalimu, mimi sina mkataba na kompani yoyote. Nanunua unite tu." Wengi wetu tunawaza vile. Ukumbuke siku uliponunua karte. Walikuomba karte ya uchaguzi, wakaandika majina yako, pengine wakakupiga picha, ukatia sahihi ama kidole. Huo ndio mkataba. Wale wanaoletewa fakture kila mwezi ni wachache, hasa wafanyakazi wa kompani kubwa. Wao watafute karatasi yao na kusoma ni siku ngapi wanapaswa kutoa habari mbele ya kuacha. Sisi wengine wa unite mkataba wetu uko katika ordinatere yao, na unabaki kwa jina lako hata kama karte iko katika kopo la vifungo.

Basi kama unataka kuacha namba, uiache kama unavyoacha nyumba ya kupanga. Haukimbii usiku. Unatoa vyombo, unalipa deni, unaita mwenye nyumba, unamrudishia ufunguo mbele ya shahidi.

Vyombo vya kwanza ni feza. Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, mucheke kisha mujifunze. Miaka mitatu iliyopita niliacha namba moja. Nilikwenda kwa kijana wa kabini, nikatoa franka zote mpaka sufuri, nikafurahi. Nilisahau kwamba katika nchi yetu simu ina mifuko miwili: mmoja wa franka, mmoja wa dola. Ni hivyo kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa Orange Money. Katika mfuko wa dola nilikuwa na dola 18 ambazo dada yangu alinitumia kwa ajili ya yunifomu za watoto. Nilizikumbuka mwezi wa masomo kuanza, na karte nilikuwa nimeikata kwa makasi. Mimi ninayefundisha watoto kusoma swali mpaka mwisho! Nilirudi ajansi mara nne, wakanirudishia, lakini nauli za basi nizihesabu wapi? Kwa hiyo ufungue mfuko wa franka, kisha ufungue wa dola, uangalie yote mawili. Feza kidogo zinazobaki, ambazo haziwezi kutoka sababu ya malipo ya kutoa, uzinunulie unite ama uzitume kwa namba yako mpya. Na kama ulichukua mkopo katika simu, uumalize. Deni linafuata jina, halifuati karte.

Na yule anayekusaidia kutoa, hata akiwa mtoto wa jirani, hapaswi kujua PIN yako. Ubonyeze mwenyewe. Kama macho hayaoni vizuri, uende na binti yako.

Kisha feza, kuna vile vitu vidogo vinavyokula unite: nyimbo za kusikilizisha wanaokupigia, habari za mpira, ujumbe wa kila asubuhi, forfe inayojinunua yenyewe. Mara nyingi ujumbe wenyewe unaonyesha namna ya kuvisimamisha, kwa kujibu STOP kwa namba ileile fupi. Fanya hivyo, ama uulize ajansi wakuonyeshe vyote vilivyo juu ya namba yako na wavitoe. Mama akisema "simu inaiba unite zangu," mara nyingi ni hivyo. Mbele ya kuitupa karte, jaribu kwanza kuondoa hivyo. Pengine hautakuwa na lazima ya kubadilisha namba.

Sasa WhatsApp. Hapa wengi wanafanya mambo nyumanyuma: wanatupa karte ya zamani, halafu wanaanza upya na namba mpya, na makundi yote yanapotea. Ndani ya WhatsApp, upande wa kupanga mambo ya akaunti, kuna mahali pa kubadilisha namba. Unaandika ya zamani, unaandika mpya, na unabaki katika makundi yako yote. Inaweza pia kuwajulisha watu wako. Ufanye hivyo wakati karte ya zamani ingali hai. Ukiacha tu, fahamu kwamba WhatsApp inangoja siku 45 bila namba kutumika. Kisha hapo, mtu mwingine akiifungua kwa simu ingine, wanahesabu kwamba namba imepata mwenyewe mpya, na picha yako ya zamani inaondolewa. Lakini wakati huo wote wenzako wanaendelea kuandikia namba ile, na mwenye kuipata anaweza kuona mambo ya kundi lenu ikiwa hakuna aliyeiondoa humo. Mama prezidenti wa kundi, hiyo ni kazi yako.

Uandike kwenye karatasi wote walio na namba yako ya zamani: benki, masomo ya watoto, kituo cha afya, likelemba, mwenye nyumba, wateja wa soko. Mimi naona kila mwaka shida ya namba katika daftari la darasa. Mtoto anashikwa na homa saa nne ya asubuhi, tunapiga namba ya mama yake, anajibu mtu wa Kolwezi. Mtoto analala juu ya benchi mpaka saa sita. Wamama, mukibadilisha namba, tafadhali mutume hata kikaratasi ndani ya kitabu cha mtoto.

Ukikwisha kutoa vyombo, nenda ajansi yenyewe ya kompani, si kwa wa kabini. Wa kabini anauza na kutoa feza, hana nguvu ya kufunga namba. Beba karte SIM na karte ya uchaguzi iliyo na majina uliyotumia siku ya kununua. Karte tulizopewa mbele ya uchaguzi wa 2023, kwa wengi wetu maandishi yamefutika. Kama yako haisomeki, uombe kwanza duplikata, ama uulize kama paspoti inakubaliwa. Kama vitambulisho vimepotea, komine inatoa karatasi inayoshuhudia hivyo.

Neno wanalolijua pale ni la Kifaransa: résiliation. Ulitamke bila haya. Kijana wa mezani anaweza kukuambia: "Mama, uache tu, itakufa yenyewe." Umwambie hapana, unataka ifungwe kwa jina lako, na umletee barua. Barua ni fupi. Unaweza kuandika hivi:

"Mimi (majina yote), mwenye karte ya uchaguzi namba (…), naomba mufunge namba (…) iliyo kwa jina langu. Feza zote nimezitoa, upande wa franka na upande wa dola, na sina deni. Naomba munipe karatasi inayoonyesha kwamba tangu leo namba hii haiko tena kwa jina langu." Kisha tarehe, sahihi, na namba mpya wanayoweza kukupigia.

Kiswahili ni mojawapo ya luga nne za taifa katika Katiba yetu, lakini luga ya ofisi ni Kifaransa, basi kama unataka mambo yaende haraka, mwombe mtoto wa sekondari ayageuze. Uandike nakala mbili. Moja inabaki kwao. Ingine waipige muhuri, waweke tarehe na jina la aliyeipokea, nawe uirudishe nyumbani. Bila muhuri ule, ulikwenda kutembea tu. Na mbele ya kutoka, uulize: namba itafungwa siku gani? Ujipigie mwenyewe siku ile kwa simu ingine, usikie wanasema nini.

Kwa nini nawasumbua na muhuri? Sababu ya jina. Tunapenda kugawa: karte ya zamani unampa mtoto wa kaka, naye anampa rafiki, rafiki anaiuza. Siku moja namba ile inatuma ujumbe "umeshinda zawadi, tuma feza ya kufungulia," mtu analizwa, anakwenda polisi, na polisi wakiuliza kompani namba ni ya nani, majina yanayotoka ni yako. Kama unataka kumpa ndugu yako namba, muende wote wawili ajansi, waiandike kwa jina lake. Ajansi ikikukatalia bila sababu, kuna ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya simu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Nakala yako yenye muhuri ndiyo utakayowaonyesha.

Simu ikiibwa ni jambo lingine, na hapo haraka inatakiwa. Siku ileile uombe simu ya jirani, upigie kompani, wafunge kwanza feza. Kisha uende ajansi urudishiwe namba yako ileile katika karte mpya. Usiiache kwa mwizi na kununua ingine kwa hasira.

Ninamaliza na jambo ambalo mama mmoja wa kundi letu aliniomba niandike, bila kutaja jina lake. Bwana wake alikufa wakati wa mvua. Namba ya bwana ilikuwa na feza za biashara, na wadeni wake wote walikuwa wanalipa kwa namba ile. Mama alijua PIN. Watoto walikuwa na njaa, akatoa kidogo leo, kidogo kesho. Siku moja shemeji yake aliona ujumbe, akahesabu tarehe, akasema mbele ya familia yote: "Marehemu anatoa feza kaburini?" Mama akaitwa mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Mimi simhukumu. Ningekuwa na watoto watano na sufuria tupu, sijui ningefanya nini. Lakini njia iliyo salama kwake ni ingine. Karte ya marehemu usiitupe wala usiifunge haraka, maana wadeni wanapiga pale. Uiweke mahali unapojua, iwe inashika mtandao. Utafute karatasi ya kifo kwenye ofisi ya komine. Ukae na familia, muandike feza ni ngapi, upande wa franka na upande wa dola, pande zote zitie sahihi, kisha muende ajansi pamoja na kuuliza karatasi gani zingine wanazotaka. Na kama shemeji anasema wewe hauhesabiwi, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, na mjane anatajwa katika kundi linalofuata, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Wewe umo. Watoto wako wamo mbele ya shemeji.

Tulikwenda naye ajansi siku ya tatu. Nakala ya barua yake ina muhuri. Walimwambia arudi kisha juma mbili, na shemeji amekubali kwenda naye. Nitawaambia hapa namna ilivyokuwa.