Hotuba Isiyosikiza Haisikizwi

Sisi watu wa pwani twajivunia ulimi. Tuna makhatibu, tuna malenga, na harusini hapakosi mzee wa kusimama akawaburudisha watu kwa maneno matamu. Lakini kusema vizuri ni jambo moja, na kufikisha neno likaingia mioyoni mwa watu ni jambo la pili. Somo la jambo hili la pili mimi nimelipata bara, katika nchi ya Wakamba, Kitui na Makueni.

Yafaa tuanze na historia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba katika Wilaya ya Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuja kutengwa nayo mwaka 1992. Wakuu walikuwa na hoja: malisho yamekwisha na udongo wachukuliwa na mvua. Lakini hoja ile ilikuja imevaa amri, na nyuma ya amri ulikuwapo mnada. Ng'ombe walichukuliwa, wakauzwa kwa bei duni.

Hapo ndipo aliposimama Muindi Mbingu. Wanaume kwa wanawake wakaandamana hadi Nairobi kumtaka Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi alikamatwa na kuletwa hukuhuku kwetu, Lamu, kuwa mfungwa wa siasa. Hata hivyo, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo yao.

Kwa nini watu walimfuata yeye, wasiwafuate wakuu? Ng'ombe kwa Mkamba wa zama zile alikuwa ndiye akiba yake, mahari ya mwanawe, na kinga ya mwaka wa njaa. Muindi alisema juu ya kitu kilichowauma watu. Wakuu walisema juu ya udongo, tena kwa mtu ambaye zizi lake lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Na ajabu ni hii: Wakamba hawakuwa maadui wa udongo. Katika miaka iliyofuata Uhuru, watu walewale wa Machakos na Makueni walichimba matuta ya fanya juu kwa mikono yao, wakisaidiana katika vikundi vyao vya mwethya. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Basi neno halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika namna lilivyoletwa.

Ndugu msomaji, sisi tumezoea hutuba ya Ijumaa, ambapo khatibu husema na maamuma hunyamaza. Kimya kile ni adabu ya ibada. Lakini wako wasemaji wanaodhani kwamba kila kimya ni cha namna ile. Nimeketi chini ya miti ya Kitui na kumsikiliza afisa mmoja, nisiyependa kumtaja, akisoma karatasi zake mpaka jua likawa utosini. Hapana aliyemkatiza. Mbele yake walikuwapo akina mama walioacha madumu yao katika mto mkavu, mahali ambapo maji hupatikana kwa kufukua mchanga. Aligusia kila kitu isipokuwa maji. Alipomaliza walipiga makofi, wakaondoka upesi. Makofi yale yalikuwa ya kuaga.

Makueni wamejaribu njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya serikali. Chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyeshika kazi toka 2013 hadi 2022, kaunti hiyo ilisifika kwa mikutano inayoanzia vijijini. Wanakijiji hutaja wanachokitaka, hubishana, kisha huchagua wajumbe wa kulipeleka neno lao ngazi ya juu. Katika mkutano wa namna hiyo mkubwa hawezi kuja na karatasi akasoma akaenda zake. Hapana budi asikilize kwanza, ndipo ajibu.

Yuko atakayesema: mtaalamu anajua, ya nini kupoteza wakati kuwauliza wasiojua? Namjibu kwamba wataalamu wa 1938 pia walijua, na kujua kwao hakukuwafaa kitu.

Basi wewe unayetoka pwani kwenda huko, uwe mwalimu, daktari, mwanasiasa au mtoaji wa mawaidha, fika mapema. Keti na wazee, uulize mvua ilinyeshaje na kisima kilicho karibu ki umbali gani. Amkia watu kwa lugha yao, "Mwi aseo?" ni maneno mawili tu, lakini huwaonyesha kwamba umewahesabu kuwa watu. Ukiwa na mkalimani, sema kidogo kidogo, umwachie nafasi. Anza na linalowauma, ndipo ulete lako. Nyamaza kabla hawajachoka, kisha uulize, na jibu ulisikilize hata likiwa chungu.

Nasi Waislamu hatuna udhuru. Sura ya Ibrahim yatufunza kwamba mitume walipelekwa kwa watu wao kwa ndimi za watu hao. Ikiwa mitume walifanyiwa hivyo, sisi ni nani hata tupande jukwaani tukitaka watu ndio wajifunze ulimi wetu?